Majina ya Kwenye Kamba

Mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa kabla yenu. Nitaandika, ila msitegemee habari za vyeo. Nilikuja nikiwa mwalimu wa cherehani, mfanyakazi wa kujitolea kutoka nchi ya nje, na nimestaafu nikiwa mwalimu wa cherehani. Katikati hapo nilizeeka.

Nchi yenyewe ya nje ilikuwa Kenya, huko kwetu Taita, na nilitumwa kwa mwaka mmoja tu. Siku niliyofika vijana walikuwa wamejipanga uwanjani kumpokea mgeni. Mama Atupele, mpishi wetu na mlezi wa kituo, Mnyakyusa wa Tukuyu mwenye mikono mikubwa, alinipita akaenda kuchungulia ndani ya gari.

"Mgeni yuko wapi?" akauliza.

"Ndiye mimi, Mama."

"Tuliambiwa anatoka nje."

"Kenya ni nje, Mama."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kilemba. "Haya, karibu. Maziwa ya kopo tuliyonunua atakunywa Henriki."

Henriki alikuwa mgeni wa kweli, wa kutoka Ulaya, fundi seremala, kijana mrefu aliyekuwa akijigonga kwenye kizingiti cha mlango kila asubuhi na kuomba radhi. Ndiye aliyeendesha pikapu ya kituo. Mimi nilipewa chumba cha nyuma, kitanda cha kamba, na somo langu la kwanza siku hiyohiyo. Nilisema, "Nipe maji," kama tunavyosema kwetu. Mama Atupele akaweka kikombe chini. "Hapa tunaomba," akasema. "Polisi ndio wanaosema nipe." Tangu siku ile nimeomba kila kitu, hata vitu vyangu.

Enzi hizo Songwe lilikuwa jina la mto tu, si la mkoa. Saza ilikuwa Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya, na kituo chetu kilisimama kati ya makazi ya wachimbaji na magofu ya mgodi wa zamani wa Waingereza. Serikali ilikuwa imeruhusu watu kuchimba na kuuza dhahabu yao, na vijana walikuwa wakija kutoka kila upande: Wanyiha wa Mbozi, Wandali wa Ileje, Wanamwanga wa pande zote mbili za mpaka, Wasukuma waliohamia na ng'ombe bonde la Momba. Kwetu walifika na mfuko wa plastiki na jina. Jina lenyewe, kama mtakavyoona, halikuwa lao.

Siku ya kituoni ilianza na kuchota maji. Baada ya hapo tulifagia, tulikunywa uji, tukaingia darasani. Nilikuwa na vyerehani vinne. Viwili vilifanya kazi kwa zamu, kimoja kilishona nyuma tu, na cha nne tulikitoa vipuri. Ninyi wenye vyerehani vya umeme, sikilizeni: mafuta matone mawili kila Jumatatu, na sindano ikishagonga pini, itupeni hata kama inaonekana nzima. Kiangazi vijana walikuwa chini ya ardhi, nasi tuliwaona Jumapili tu, wakileta suruali zilizoliwa na mawe. Masika maji yakijaa mashimoni walikuja wote, wakakaa, wakakohoa. Kijana wa miaka ishirini alipanda ngazi zetu tatu akasimama kupumzika kama babu. Mama Atupele aliwalazimisha kunawa kwa sabuni kabla ya kugusa sahani, kwa sababu ya zebaki waliyokamatia dhahabu, ambayo ni sumu. Walinawa, wakala, kisha wakaenda kuchoma zebaki hiyohiyo kwenye kikaango walichokaangia mayai.

Somo lake la pili kwangu lilikuwa hili: usimwulize mtoto wa watu kwao ni wapi. "Wengine wamekimbia," aliniambia akichambua maharage. "Ukimwuliza, kesho humwoni. Mlishe. Akishiba atasema mwenyewe." Lilikuwa neno la busara, na lilitusaidia miaka mingi. Vijana nao walilishika, wakawa hawaulizani.

Kasuku alikuja katika masika yangu ya pili. Mrefu, mweusi, kimya. Wenzake walikuwa wakimwita mara mbili ndipo ageuke. Nikamtania, "Wewe na ububu huo, nani kakuita Kasuku?"

"Jina nimelikuta, mwalimu."

Nilicheka. Nilidhani ni namna yake ya kunifungia mlango.

Vijana wengine walitaka kujifunza kushona kaptula zao. Yeye alitaka gauni. Nikamwuliza la nani, akasema la mama yake. Nikamwuliza vipimo anavyo. Akanitazama mabegani muda mrefu, kwa adabu, kisha akasema, "Mama ana mabega kama yako. Naomba nikupime wewe."

Basi nikasimama katikati ya darasa nikapimwa na mwanafunzi wangu, wengine wakizomea. Kitambaa nilikitoa Tunduma, mpakani, ambako nyuzi na vitambaa vilipatikana kwa urahisi. Rangi ya damu ya mzee, chenye maua madogo. Alikata polepole mno. Alifumua mshono wa mkono wa kushoto mpaka kitambaa kikaanza kulegea, nikamwambia, "Sasa mwache huyo mama avae."

Aliposhiba, alisema. Jina lake la nyumbani ni Shija. Kwa Wasukuma, mapacha ni Kulwa na Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Kwao ni bondeni Momba. Alikuwa akichunga ng'ombe wa baba yake, akalala usingizi mchana, akaamka kundi zima halionekani. Aliwatafuta mpaka magharibi, akaogopa kurudi, akatembea tu, na miguu ikamleta Saza. Mwaka wa pili huo hawajui kama yu hai.

"Nitampelekea mama gauni kwanza," alisema. "Akilivaa, baba hatanipiga mbele yake."

Alipanga kuondoka kiangazi kikianza. Gauni lilikuwa limebaki pindo tu. Mimi, kwa mazoea, nilichukua kipande kilichobaki cha kitambaa kile nikamtilia kiraka gotini mwa suruali yake ya kazini. Akacheka, ndiyo mara pekee niliyoyaona meno yake yote. Kisha mvua zikakatika, mashimo yakakauka, akarudi chini.

Duara, yaani shimo lile la kwenda chini, lilianguka Jumamosi asubuhi. Tulisikia filimbi, kisha watu wakikimbia. Henriki alikwenda na majembe na mbao zote za karakana. Alirudi alasiri, vumbi tupu, akakaa kwenye ngazi akasema neno moja: "Kasuku."

Nilipofika shimoni, waliomtoa walikuwa wakisema hivyohivyo, Kasuku, Kasuku. Uso haukuwa wa kutazamwa. Nilioneshwa suruali, na gotini palikuwa na kiraka cha rangi ya damu ya mzee, mshono wangu. Watu huniuliza kama najilaumu. Kiraka kilikuwa changu na suruali ilikuwa yake. Mngewaambia nini ninyi?

Desturi ya pale ilikuwa kuzika siku hiyohiyo, nyuma ya makarasha, yaani mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Asiyejulikana kwao alifunikwa, watu wakanawa, wakarudi kazini. Nilikuwa nimeshaona wengi wakizikwa hivyo na moyo ulikuwa umechoka. Nikasimama nikasema, "Huyu ana kwao. Huyu ni Shija, mtoto wa Momba, na mama yake anamsubiri." Msimamizi wa duara akainua mabega. Henriki akatengeneza jeneza kwa mbao zilezile alizokwenda nazo kuwaokolea. Nilijisikia, Mungu anisamehe, kama mtu aliyeshinda.

Tulisafiri siku iliyofuata, Henriki, mimi na vijana wawili nyuma na jeneza, na gauni nikiwa nimelipakata. Tunduma tulikwama katikati ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Askari akauliza tumebeba nini. Wabadilisha fedha waliokuwa wametuzunguka wakavua kofia, halafu wakaendelea kutaja bei ya kwacha. Kutoka pale tukateremka bondeni, joto likapanda, barabara ikawa mchanga, na kila tulipouliza nyumba ya baba yake Kulwa, watu walitazama nyuma ya gari kwanza ndipo watujibu.

Mama Kulwa, mama yake Shija, alitoka nje kutupokea, na nikaona mabega yangu mwenyewe yakija. Kijana yule alipima kweli. Sikujua nianzie wapi, nikamnyoshea gauni. Alilipokea, akalikunjua, akaona halina pindo, akanirudishia.

"Limalize," akasema. "Nitamzikia nalo."

Nikakaa kwenye kigoda uani, watu wakilia pande zote, nikakunja pindo kwa mkono. Sijawahi kushona vibaya namna ile. Baba yake Shija alikuja akachuchumaa karibu yangu, mzee mkavu mwenye fimbo. Hakunitazama.

"Aliwahi kusema kwa nini alitoroka?"

"Alisema aliwapoteza ng'ombe, Baba."

"Ng'ombe walirudi wenyewe," akasema. "Usiku uleule. Wote." Akakaa hapo mpaka nilipokata uzi.

Tukazika nyuma ya zizi. Tukarudi Saza. Henriki hakujigonga tena kizingitini. Nadhani alikuwa anatembea ameinamisha kichwa muda wote. Mkataba wake ulipokwisha tulimfanyia sherehe ya kumuaga, na Mama Atupele akamvika kitenge kama tulivyowavika wageni wote, akalia pasipo kuomba ruhusa ya mtu. Mwaka wangu nao ulikuwa umekwisha zamani. Hakuna aliyekumbuka kunirudisha, nami sikuwakumbusha.

Masika yakaja. Asubuhi moja darasani nilikuwa nimeinamia cherehani kinachoshona nyuma, nikasikia mtu mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba gauni langu. Nimekuja kumalizia pindo."

Shija alikuwa amenenepa. Alikuwa na mfuko wa unga begani na viatu vya wazi. Wanafunzi walipita madirishani, naapa. Mama Atupele ndiye aliyemshika mkono akamketisha jikoni, akamwekea ugali na mlenda, akasimama mbele yake na mwiko.

"Kula," akasema.

"Mama, sijui nimekosa nini..."

"Kula kwanza. Mzimu haumalizi ugali."

Akaumaliza. Ndipo tukamweleza, na ndipo naye akatueleza. Matimba, yaani magogo yanayozuia shimo lisianguke, yalikuwa yameoza. Alimwambia msimamizi, msimamizi akamcheka. Basi siku chache kabla ya ile Jumamosi aliacha kazi akaenda Tunduma kupakia magunia ya mahindi, ili apate nauli na asiende kwao mikono mitupu. Hakutuaga kwa sababu alijua atapitia gauni.

"Na Kasuku?" nikauliza. "Kasuku ni wewe."

"Hapana, mwalimu. Kasuku ni nafasi." Akatueleza kama anayemweleza mtoto. Wanaovuta kamba juu hawamwoni aliye chini. Wanajua majina matano, sita, na kila jina lina zamu yake. Likiitwa kutoka chini, mkono unavuta bila kufikiri. Jina likibadilika, mkono unasita, na mkono ukisita mtu anakufa. Kwa hiyo anayeingia mahali pa mtu huchukua na jina lake. Kasuku wa kwanza labda alikuwa mwongeaji, hakuna aliyemkumbuka. "Mimi nililikuta. Nilikwambia."

Kweli aliniambia.

"Aliyekuja baada yangu alikuwa na kaptula ya shule tu," akaendelea. "Nikampa suruali yangu."

"Aliitwa nani kwao?"

"Sikumwuliza, mwalimu. Tulifundishwa tusiulizane."

Mama Atupele alichukua sahani akaenda nayo nje. Nilimwona dirishani amesimama nayo kwenye beseni, haioshi. Hakuwahi tena kumfundisha mtu neno lile la kutouliza. Hakulikana pia, aliacha tu kulisema. Na tangu siku hiyo yeye mwenyewe, kabla ya kupakua, alimwuliza kila kijana mpya jina la mama yake. Wengine walikimbia, kama alivyotabiri.

Nilikwenda mpaka kwenye duara. Walikuwa wamelichimba upya, hatua chache pembeni. Niliwauliza wote: yule kijana wa siku chache, aliongea lugha gani, alikula nini, alitaja mlima, mto, mtu? Mmoja akasema alikuwa mpole. Mwingine akasema alikuwa akiimba, hajui ni kwa lugha ipi. Nikiwa pale mtu akaita kutoka chini, "Kasuku anapanda!" na waliokuwa juu wakaanza kuvuta.

Bado ilinibaki Momba. Nilikwenda na Shija kwa basi hadi Tunduma, kisha kwa lori la mahindi. Nilimwacha kwenye vichaka karibu na kisima nikatangulia peke yangu. Mama Kulwa alikuwa akianika mtama, amevaa gauni lile. Aliponiona tu, ungo ukamponyoka mikononi.

"Umeniletea mwingine?" akasema.

"Hapana, Mama. Nimekuletea yuleyule. Anatembea."

Sitaandika yaliyofuata. Kuna furaha nyingine inatisha kuitazama. Watu walimgusa Shija kila mahali, baba yake akamshika masikio yote mawili kama ndama, na alasiri wakachinja. Kisha wageni walipotulia, wote tukajikuta tunatazama upande mmoja, kule nyuma ya zizi.

Wazee wakakaa. Mmoja akasema afukuliwe arudishwe tulikomtoa, kwa kuwa si mtu wao na hawajui amekuja na nini. Mwingine akasema aachwe, ila matanga yatanguliwe. Mama Kulwa hakuitwa kwenye kikao, alikuja mwenyewe, akasimama na gauni lake la damu ya mzee.

"Huyo nimeshamlilia," akasema. "Machozi hayarudi. Alivaa suruali ya Shija, akaingia mahali pa Shija, akafa kifo cha Shija. Kwetu anayemfuata Shija ni nani?"

Kila Msukuma anajua. Baada ya mapacha ni Shija, na baada ya Shija ni Kamuli.

"Basi ni Kamuli," akasema mama, akaenda zake kuanua mtama.

Ningeweza kuishia hapo mkanisifu. Lakini kazi haikuishia hapo, na hii ndiyo sehemu ninayotaka muijue, kwa kuwa sasa ni yenu.

Kituoni huja akina mama. Mmeshawaona. Hufika na jina la nyumbani, mathalani Tusekile anamtafuta mwanawe Ambakisye, na sisi tunawajua watoto wao kwa majina ya kwenye kamba, kwa hiyo tunatikisa vichwa. Nilijaribu dawa yangu ya fundi: kutarizi jina la nyumbani ndani ya kiuno cha kila suruali niliyoshona. Nikaacha. Suruali huazimwa.

Mama wa kwanza alitoka Ileje. Mwanawe aliondoka kiangazi kile, umri uleule, mpole, mwimbaji. Nilimweleza kila kitu, nikamwambia siwezi kumhakikishia. Akasema nimpeleke. Mama Kulwa alimtandikia mkeka kaburini, akamwacha alie mpaka akamaliza, akampikia, akamlaza kitandani mwake.

Miaka miwili baadaye akaja Mnamwanga wa upande wa Nakonde. Kiangazi kilekile, mpole. Huyo aliniletea hata wimbo, akaniimbia, nami sikuwa na mtu wa kumwuliza kama ndio. Nikampeleka. Halafu Mfipa, mzee, haoni vizuri, aliyeomba ashike udongo wenyewe. Safari hiyo niliona aibu. Nilimvuta Mama Kulwa pembeni ya zizi.

"Mama, nisamehe. Hawa watatu hawawezi wote kuwa mama zake."

"Najua kuhesabu," akasema. Alikuwa ameshika maziwa ya yule mgeni. "Mmoja anaweza kuwa ndiye. Wale wengine, watoto wao nao wamelala mahali, chini ya mawe, hakuna mama anayepita. Utawapeleka wapi? Waache walie. Kamuli anatutosha wote."

Mimi sasa nimestaafu, magoti hayapandi lori. Mama Kulwa ni mzee kuliko mimi, haoni vizuri, na gauni lile limebaki la kulalia. Mama Atupele tulimrudisha kwao Tukuyu, na kaburi lake lina jina lake sahihi, nilihakikisha.

Akija mama mwingine mwenye mtoto aliyepotea miaka ile, mpeni uji kwanza. Msimwambie ndiye, msimwambie siye. Mpandisheni gari la Tunduma, ateremke bondeni, aulize kwa Shija. Shija ana wanawe wakubwa sasa, na wote wanajua. Mkeka unakaa nyuma ya mlango.